SOMO: Kusaka Kasha Tura – Namna ya Kuanza Mchezo wa Nje kwa Watoto



Katika toleo hili tunaleta somo kwa kamati za sharika zinazotafuta shughuli ya nje yenye mafunzo kwa watoto, hasa wakati wa likizo. Tumechagua mchezo wa kusaka kasha. Kundi moja huficha chombo kidogo mahali fulani na kuandika vipimo vya mahali hapo. Kundi jingine hupewa vipimo hivyo na kwenda kukitafuta. Watoto wetu wamezoea kombolela. Tofauti ni kwamba hapa kinachojificha ni kopo, na anayetafuta anaongozwa na namba, dira na akili yake.

Tumeandika tukiifikiria Tura, wilayani Uyui, lakini somo linafaa kwa usharika wowote ulio kando ya njia ya zamani ya misafara, kuanzia Kilimatinde hadi Ujiji. Neno letu kuu ni moja: katika mazingira yetu, kifaa cha kupimia kije mwisho. Kwanza ridhaa ya kijiji, pili simulizi za wazee, tatu usalama wa watoto, ndipo ifuate simu au GPS. Kamati ikigeuza mpangilio huu, kopo dogo lisilo na hatia linaweza kuzaa ugomvi mkubwa.

MALENGO YA SOMO

Baada ya somo hili kamati iweze:
(a) kueleza mchezo huu ni nini na ulianza wapi;
(b) kupata ridhaa ya kijiji kwa njia inayoeleweka;
(c) kuandaa makasha yasiyozidi matano kwa gharama ndogo;
(d) kuwafundisha watoto kusoma dira na vipimo;
(e) kuwalinda watoto na jamii dhidi ya madhara yanayoweza kuzuilika.

1. MCHEZO HUU ULITOKA WAPI

Kimataifa mchezo huu unaitwa jiokashingi. Ulianza mwaka 2000. Kabla ya hapo, serikali ya Marekani ilikuwa inapunguza kwa makusudi usahihi wa vipimo vya setilaiti za GPS kwa watumiaji wa kiraia, na kosa liliweza kufika mita 100. Zuio hilo liliondolewa mapema Mei mwaka 2000. Siku moja tu baadaye, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer aliweka ndoo yenye vitu vidogo na daftari katika pori la jimbo la Oregon, akatangaza vipimo vyake ili wengine waitafute. Kanuni yake ilikuwa rahisi: ukikuta, chukua kitu, acha kitu, andika katika daftari. Leo kuna makasha zaidi ya milioni 3 duniani.

Lakini wazo lenyewe ni la zamani kuliko setilaiti. Mwaka 1854 James Perrott, mwongoza wageni wa Dartmoor nchini Uingereza, aliacha chupa mahali pagumu kufikika ili kila aliyefika aache kadi yake. Kutoka hapo ukazaliwa mchezo wa kutafuta visanduku kwa dira, ramani na maelezo ya maneno. Tunalitaja hili kwa sababu moja: usharika usio na simu janja hata moja bado unaweza kucheza. Dira moja na mafumbo yaliyoandikwa vizuri vinatosha.

2. KWA NINI TURA

Msafiri aliyetoka pwani katika karne ya 19 alivuka Ugogo, kisha akaingia Mgunda Mkali, pori kubwa la vichaka lenye maji machache. Upande wa pili wa pori hilo alikutana na Tura, mlango wa mashariki wa Unyamwezi. Richard Burton na John Speke walipita hapa mwaka 1857 wakielekea Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo, ambako walifika tarehe 7 Novemba. Katika kitabu chake cha mwaka 1860, Burton aliandika kwamba jina Tura ni agizo la kutua mzigo. Henry Stanley naye alipita Tura mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Baadaye ikaja Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, na Tura ikawa stesheni.

Kwa hiyo mtoto wa Tura anakanyaga kila siku ardhi iliyoandikwa katika vitabu vinavyosomwa mbali. Hata hivyo, anaweza kumaliza darasa la saba akijua majina ya wasafiri wale bila kujua kisima walichochota maji, wala majina ya watu waliobeba mizigo yao. Mwaka 2006 Tanzania iliingiza Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu katika orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kwa UNESCO kuwa urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tura haimo katika vituo hivyo sita. Hatulalamiki kwa hilo. Tunasema tu kwamba kama Tura haikutajwa katika orodha ya wakubwa, watoto wake wanaweza kuanza kuandika orodha yao wenyewe. Mchezo wa kusaka kasha ni njia nzuri ya kuianza, kwa kuwa kila kasha linamtaka mtoto afike mahali, apaangalie, na aulize habari zake.

3. RIDHAA KABLA YA KASHA

Mtu akikuta kopo lililofungwa na kufichwa kwenye shina la mti, atafikiri nini? Huenda akafikiri ni uchawi. Huenda akafikiri ni alama ya mali iliyoachwa na Wajerumani, aanze kuchimba. Tusijidanganye kwamba hayo ni mambo ya kuchekesha. Katika mikoa yetu ya magharibi wazee, hasa akina mama, wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Anayetuhumiwa kwanza siyo mwalimu wa shule ya Jumapili aliyeficha kopo, bali bibi anayeishi peke yake karibu na mti ule. Kamati inayoficha vitu kimya kimya inamweka bibi huyo hatarini ili watoto wafurahi.

Kwa sababu hiyo tunashauri hatua zifuatazo, na tunaomba zisirukwe:

(i) Mwenyekiti wa kamati na Mchungaji au Mwinjilisti waende kwa Mwenyekiti wa Kijiji na Mtendaji wa Kijiji, wakiwa na kopo lenyewe mkononi. Walifungue, waonyeshe kilichomo, waeleze mchezo.

(ii) Waombe nafasi katika mkutano wa kijiji. Kopo lipite mikononi mwa watu. Aliyeligusa mwenyewe hataliogopa akilikuta porini.

(iii) Wapate ruhusa ya kila mwenye shamba, mwenye kiwanja au mwenye mti. Eneo likiwa ni hifadhi ya msitu, ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu inahitajika.

(iv) Kila kopo lipakwe rangi moja inayojulikana na liandikwe kwa herufi kubwa: MCHEZO WA WATOTO WA KIJIJI. Lisifukiwe ardhini. Hakuna kuchimba hata kidogo. Maeneo ya kihistoria yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na makaburi yana wenyewe.

(v) Orodha ya mahali makasha yalipo iwe kwa Mtendaji na katika ofisi ya usharika. Tunashauri isitangazwe katika mitandao ya kimataifa, maana haifai mgeni asiyejulikana apewe ramani ya mahali watoto wanapocheza.

Mchezo huu usiwe wa watoto wa Kilutheri peke yao. Kijiji ni kimoja. Shehe, Padri na Mwalimu Mkuu waalikwe tangu kikao cha kwanza, na siyo siku ya kupiga picha.

4. WAZEE WAFUNGUE NJIA

Kabla ya kuchagua mahali pa kuficha, watoto watano au sita, wakiwa na mwalimu, wawatembelee wazee. Maswali yawe mafupi. Shikamoo kwanza, kisha: Babu, maji ya zamani yalikuwa wapi? Bibi, mwembe huu mliukuta? Jina la kitongoji hiki lilitoka wapi? Je, ni kweli Tura maana yake ni kutua mzigo, au ninyi mnaelewa vingine? Burton alikuwa mpita njia. Wazee ni wenyeji, na jibu lao liandikwe hata likipingana na kitabu.

Majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha mahali pa makasha. Miembe mikubwa ya zamani inajulikana kama alama ya njia ya misafara, hasa Tabora na Ujiji. Mzee akitaja mwembe, kisima au mwamba, hapo panafaa. Ndani ya kasha iwekwe karatasi yenye simulizi ya mahali pale kwa maneno ya mzee, na jina lake liandikwe ikiwa ameridhia. Mtoto anayefika anakili sentensi moja katika daftari lake. Akimaliza makasha yote, ana historia fupi ya kijiji chake kwa mwandiko wake mwenyewe.

Historia hiyo ina sehemu yenye maumivu. Njia hii ilipitisha wapagazi wa Kinyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, wakibeba mizigo inayoweza kufika kilo 30 au zaidi, nao walisifika kwa ustahimilivu. Njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo na makongwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini katika Tanganyika hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1922 tu. Watoto waambiwe yote mawili, kwa maneno ya umri wao. Katika mchezo wanaweza kupeana kazi za msafara: kirangozi ashike dira, mpagazi abebe maji, mwandishi ashike daftari. Lakini tusiigize minyororo. Hapo watoto wasimame, wanyamaze kidogo, kisha waendelee. Tukumbuke pia kwamba miongoni mwa wakazi wapo wanaoweza kuwa wajukuu wa waliofungwa, na wengine wa waliofunga. Mtoto asiulizwe mbele ya wenzake ukoo wake ulikuwa upande gani.

5. VIFAA

– Makopo matano yenye mfuniko unaokaza vizuri. Mchwa wa Tura hawachagui, na daftari lililoachwa wazi halitamaliza wiki.
– Madaftari madogo na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwa unyevu.
– Dira mbili au zaidi.
– Kamba yenye alama kila baada ya mita 10.
– Simu janja moja au kifaa kimoja cha GPS kwa kundi, kama kipo.
– Kisanduku cha huduma ya kwanza, maji ya kunywa na filimbi kwa kila kiongozi.

Ndani ya kasha tusiweke chakula, dawa, viberiti, wembe wala pesa. Zawadi ndogo kama shanga au kifutio zinafaa. Tusitumie mifuko ya plastiki ya kubebea kufungia vitu; ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Jambo moja huwashangaza wengi: simu hupokea mawimbi ya setilaiti bila bando. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani, na hiyo inaweza kupakuliwa mapema mjini Tabora. Simu iwekwe mahali peupe isubiriwe dakika chache. Chini ya bati au miti mingi vipimo huyumba. Hata mahali peupe tutegemee kosa la mita 5 hadi 10, kwa hiyo mwisho wa kutafuta ni kazi ya macho.

6. MAFUNZO YA SIKU TATU

Siku ya kwanza: jua na hatua. Simikeni fimbo wima uwanjani. Adhuhuri ya kweli Tura ni takriban saa saba kasorobo, kwa sababu saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya 45 mashariki, nasi tuko karibu na 34. Wakati huo kivuli ni kifupi kuliko wakati wote. Kuanzia wiki ya kwanza ya Machi hadi wiki ya kwanza ya Oktoba kivuli hicho kinaelekea kusini. Miezi iliyobaki kinaelekea kaskazini. Watoto walinganishe na dira. Kisha kila mtoto atembee mita 50 na kuhesabu hatua zake.

Siku ya pili: vipimo. Uzi mmoja wa latitudo ni takriban kilomita 111. Dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya uzi, ni karibu mita 1,850. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, dakika moja ya longitudo inakaribia urefu huo huo. Tufanye mfano wa hesabu. Simu inaonyesha kusini nyuzi 5 dakika 31.200, na kasha liko nyuzi 5 dakika 31.250, longitudo ikiwa ile ile. Tofauti ni dakika 0.050. Zidisha kwa 1,850: ni mita 92.5. Twende upande gani? Namba ya kusini imeongezeka, basi tunaelekea kusini. Mtoto aliyehesabu hatua 80 katika mita 50 atatembea hatua 148. Mwalimu wa hisabati ataona kwamba hapa hakuna mchezo mtupu.

Siku ya tatu: kusaka. Makundi yasizidi watoto sita, kila moja na watu wazima wawili. Vipimo viambatane na fumbo, kama vitendawili vyetu. Kwa mfano, kwa kasha la mwembeni: "Nina mikono mingi lakini siombi, aliyetoka juani humpa pa kuketi." Makundi yaanze kwa kupishana ili wasikimbizane. Anayefika wa kwanza asishangiliwe kuliko anayeandika vizuri. Katika daftari la kasha waandike jina la kundi na tarehe tu, bila majina kamili ya watoto.

Wakati mzuri ni kiangazi, kuanzia Juni. Sharika nyingi zitapenda kuhitimisha katika Sikukuu ya Mikaeli na Watoto mwishoni mwa Septemba, kabla ya mvua. Baada ya hapo makasha yote yakusanywe. Yaliyotoka matano, yarudi matano.

7. USALAMA

– Hakuna kasha karibu na reli, stesheni, barabara kuu, kisima kilicho wazi au nyumba isiyokaliwa na watu.
– Tabora ni mkoa wa asali. Mti wenye mzinga au tundu lenye nyuki hauguswi. Kasha liwekwe mahali linapoonekana mtoto akiinama, asilazimike kuingiza mkono katika shimo. Nyoka naye hupenda mashimo.
– Hakuna kuwasha moto wala kuchubua gome la mti.
– Watoto wavae viatu. Watoto wenye ualbino wapewe kofia pana na nguo za mikono mirefu, waanze mapema asubuhi, na wawe muda wote na mtu mzima ambaye mzazi anamfahamu kwa sura na jina. Hili siyo la kuwatenga. Ni ili wacheze kama wengine na mzazi akae bila hofu.
– Mtoto asiyeweza kutembea mbali awekewe kasha lake karibu, lenye fumbo gumu zaidi.
– Mzazi aridhie kwa maandishi au mbele ya shahidi. Watoto wahesabiwe kuondoka, katikati na kurudi.

8. NENO KWA WAFADHILI WETU

Tunajua marafiki wengi, wa ndani na wa nje, wakisoma habari hizi watataka kutuma vifaa vya GPS. Tunawashukuru mapema, na tunawaomba wasubiri. Vifaa kumi bila ridhaa ya kijiji ni vifaa kumi vya kuleta mashaka. Msaada unaohitajika kwanza ni mdogo na hauonekani vizuri katika picha: nauli ya mwezeshaji, mafunzo ya walimu ya huduma ya kwanza na ulinzi wa mtoto, maji, madaftari, na chai ya wazee wanaotoa muda wao kusimulia. Pia tunaomba tusipimwe kwa idadi ya makasha. Tupimwe kwa mambo matatu: watoto wangapi walirudi salama, simulizi ngapi ziliandikwa, na kama kijiji kitakubali mchezo urudiwe mwaka unaofuata.

9. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika kijiji chetu, nani anaweza kuumia iwapo kopo litakutwa na mtu asiyejua habari zake? Tutamfikiaje kabla ya kuanza?
2. Ni wazee gani watatu wanaojua zaidi habari za njia ya misafara? Nani atakwenda kuwasalimu, na lini?
3. Ni mahali gani hatutaweka kasha kamwe, na kwa nini?
4. Nani atatunza orodha, na nani atahesabu makopo yanaporudi?
5. Simulizi zikishaandikwa, zitahifadhiwa wapi ili wajukuu wazikute?

Kamati itakayojibu maswali haya matano kwa maandishi imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi. Tunawaalika mlete majibu yenu katika ofisi ya miradi kabla ya kununua kopo la kwanza, nasi tutakaa nanyi kupanga.